Kubuni mtandao wa polima unaovunjika mwilini: hatua kwa hatua, kuanzia hesabu hadi kiraka cha moyo

Ukiombwa utengeneze kiraka cha kushonwa kwenye moyo, kiushikilie msuli mpaka upone kisha kiishe chenyewe, swali linalokuja haraka ni polima gani itumike. Liahirishe. Anza kwa kuuliza kiraka hicho kitaondokaje: kitadhoofika lini, kitamalizika lini, vipande vyake vitapita wapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayochagua kemia. Nimeona miradi mingi mizuri ikikwama kwa sababu nyenzo ilibuniwa kwa ajili ya siku ya kwanza tu, na siku ya arobaini haikuwa ya mtu yeyote.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: PGS, yaani poli ya gliseroli na asidi sebasiki. Ilitangazwa mwaka 2002 na Yadong Wang, Guillermo Ameer, Barbara Sheppard na Robert Langer huko Marekani. Nimeichagua kwa sababu ina malighafi mbili tu, haihitaji kichocheo wala kiyeyushi wakati wa kupikwa, na hesabu zake unaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno mtandao. Polima ya kawaida ni minyororo mirefu ya molekuli iliyolala pamoja. Ukiipasha moto au ukiitia kwenye kiyeyushi, minyororo huteleza na kuachana. Mtandao ni minyororo hiyo ikiwa imefungwa kwa vifundo vya kikemia, kama jarife la mvuvi: huvuti uzi mmoja bila kuigusa mingine, na likinyooshwa hurudi. Kwa hiyo mtandao hauyeyuki, unafura tu. Ili uondoke mwilini, ni lazima nyuzi zake zikatwe.

Hatua ya 1: Andika ratiba mbili

Kuna ratiba ya nguvu na kuna ratiba ya uzito, na hazilingani. Uzi wa kushonea wa Vicryl, wenye asilimia 90 ya glikolaidi na 10 ya laktaidi, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya takriban wiki nne, lakini humalizika kufyonzwa kati ya siku 56 na 70. Kwa kidonda cha ngozi hilo halina shida. Kwa moyo unaodunda, kipande kilichokwisha nguvu lakini bado kipo ni hatari ya aina yake.

Mfano unaopaswa kukaa kichwani ni kiunzi cha kushikilia wazi mishipa ya moyo kilichoitwa Absorb, kilichotengenezwa kwa asidi ya polilaktiki. Kiliidhinishwa Marekani Julai 2016, na mauzo yake yakasitishwa Septemba 2017, baada ya tafiti kuonyesha kwamba damu ilikuwa ikiganda ndani yake mara nyingi zaidi kuliko kwenye viunzi vya chuma. Polima ile haikuwa na nguvu za chuma, hivyo kuta zake zilifanywa nene, na zilichukua karibu miaka mitatu kuisha. Unene na muda wa kukaa mwilini vilikuwa sehemu ya ubunifu, sawa na kemia yenyewe.

Basi chukua karatasi, uandike: tishu inahitaji msaada kwa wiki ngapi, nguvu iliyobaki siku hiyo iwe asilimia ngapi ya ile ya mwanzo, na nyenzo iwe imeisha kabisa kufikia lini. Daktari wa upasuaji ndiye wa kukujazia namba hizi. Usizikisie.

Hatua ya 2: Geuza ulaini wa tishu kuwa idadi ya nyuzi

Msuli wa moyo wa binadamu una ugumu wa kati ya kama kilopaskali 20 na kama 500, kulingana na hatua ya mdundo. Asidi ya polilaktiki ina gigapaskali 3 hivi, maelfu ya mara zaidi. Kiraka kigumu namna hiyo hakifuati mdundo. Kitakwaruza na kuvuta mishono.

Tuseme tunalenga kilopaskali 200. Kwa mtandao unaonyumbuka kama mpira, ugumu ni mara tatu ya wingi wa nyuzi zenye kazi (vipande vya minyororo kati ya kifundo na kifundo), mara namba thabiti ya gesi, R, mara jotoridi kamili, T. Mwilini jotoridi ni 310 kwa kipimo cha Kelvini, hivyo 3RT ni kama jouli 7,730 kwa moli. Gawanya paskali 200,000 kwa 7,730: unapata takriban moli 26 za nyuzi kwa kila mita ya ujazo.

Sasa linganisha. Mita ya ujazo ya PGS ina uzito wa tani moja na kidogo, na kila jozi ya gliseroli na asidi iliyoungana ina gramu 258 kwa moli, kwa hiyo humo mna zaidi ya moli 4,000 za jozi. Nyuzi zenye kazi ni 26 tu, yaani uzi mmoja kwa kila jozi 160 hivi. Fomula hii ni ya mtandao kamilifu, na wako hautakuwa kamilifu, lakini inakufundisha jambo muhimu: ugumu unategemea sehemu ndogo sana ya vifungo. Ndiyo maana kazi iliyochapishwa mwaka 2008 kuhusu kiraka cha moyo ilipata takriban megapaskali 0.056 kwa PGS iliyopikwa kwa nyuzi joto 110, megapaskali 0.22 kwa 120, na 1.2 kwa 130. Nyuzi joto ishirini zilizidisha ugumu mara ishirini. Oveni yako ikipotoka kwa nyuzi joto tano, umetengeneza kitu kingine.

Hatua ya 3: Chagua malighafi kwa kuangalia mabaki

Kila kifungo cha esta, yaani pale asidi na alkoholi ziliposhikana, kikikatwa na maji, kinarudisha asidi na alkoholi. Jiulize mwili utafanya nini navyo. Gliseroli iko ndani ya kila tone la mafuta unalokula. Asidi sebasiki mwili una njia ya kuichoma kama unavyochoma asidi za mafuta, na tayari imewahi kuingia mwilini kwa idhini: vidonge bapa vya Gliadel, vinavyowekwa kwenye ubongo baada ya kuondolewa uvimbe, viliidhinishwa Marekani mwaka 1996 na polima yake ina asidi hiyo.

Asidi sebasiki hutengenezwa kwa mafuta ya mbarika yaliyopikwa na alkali kali, na mbarika tunaijua wote, inaota yenyewe kwenye viwanja na kando ya reli. Gliseroli ni zao la kando la sabuni. Hilo linatia moyo, lakini kwa kazi ya tiba nunua zilizosafishwa kwa kiwango cha dawa. Gliseroli ya sabuni ina chumvi na maji, na maji yakiwamo mizani yako itasema uongo.

Kitu kingine cha kupima hapa ni namna nyenzo inavyoisha. Polima za laktaidi na glikolaidi hunyonya maji hadi katikati na kuvunjika kote kwa pamoja. Asidi hukusanyika ndani ya kipande kinene na kuharakisha uvunjikaji, hivyo kwa nje kinaonekana kizima, kisha siku moja kinaanguka. PGS iliyopandikizwa kwenye panya ilielekea kumomonyoka kuanzia juu, ikapungua taratibu, na ilikuwa imeisha baada ya siku 60. Mmomonyoko wa uso una faida ambayo wabunifu wengi hawaitumii vya kutosha: unene unakuwa usukani wa muda. Ukiongeza unene maradufu, muda nao unaongezeka karibu maradufu, bila kugusa kemia.

Hatua ya 4: Kokotoa pale mchanganyiko utakapoganda

Hapa ndipo wanaoanza huharibu chupa. Gliseroli ina mikono mitatu, asidi sebasiki miwili. Ukizichanganya moli kwa moli, una makundi matatu ya alkoholi kwa mawili ya asidi, uwiano wa 1.5. Wakati fulani mchanganyiko unaacha kuwa uji na kuwa mtandao mmoja unaoenea chombo kizima. Ukigandia ndani ya chupa, chupa hiyo ni ya kutupa.

Kanuni ya Paul Flory na Walter Stockmayer inasema hivi kwa kifundo chenye mikono mitatu: chukua sehemu ya asidi iliyokwisha kumenyuka, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa 1.5, ikifika 0.5, mtandao umezaliwa. Ukikokotoa kinyumenyume unapata 0.866, yaani asidi imeisha kwa karibu asilimia 87. Kama ungechanganya gliseroli moli mbili kwa asidi moli tatu, ili mikono ilingane, ungeganda mapema zaidi, kwenye asilimia 71. Kiuhalisia mkono wa katikati wa gliseroli ni mvivu kuliko ile ya pembeni, kwa hiyo hesabu ni makadirio, ila ni makadirio mazuri ya kukuonyesha wapi pa kusimama.

Geuza asilimia hizo ziwe namba ya asidi, yaani miligramu za KOH (hidroksidi ya potasiamu, alkali kali) zinazotosha kumaliza asidi iliyo kwenye gramu moja, maana hiyo unaweza kuipima. Mchanganyiko wa moli moja kwa moja una gramu 294 na moli mbili za makundi ya asidi. Unahitaji miligramu 381 za KOH kwa kila gramu. Kadiri unavyopika namba inashuka. Ikifika 100, asidi imemenyuka kwa asilimia 76. Ikifika 57, uko kwenye mlango wa kuganda. Mimi husimamisha kati ya 100 na 90, kisha namwaga.

Hatua ya 5: Pika prepolima, yaani polima ambayo bado haijawa mtandao

Pima gramu 92.1 za gliseroli na gramu 202.3 za asidi sebasiki, au sehemu ndogo yake kwa uwiano huo huo. Gliseroli hunyonya unyevu wa hewa, hasa kwenye maabara za pwani, kwa hiyo usiiache wazi ukaenda kupokea simu. Weka kwenye chupa ya shingo tatu, juu ya bafu ya mafuta, na pitisha nitrojeni au agoni kavu.

Panda hadi nyuzi joto 120. Asidi sebasiki peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 130 na kitu, lakini ndani ya gliseroli ya moto italainika na kuchanganyika. Ukiona bado ina chembe nyeupe, ongeza subira, usiongeze moto. Utaratibu wa awali wa 2002 ulikaa saa 24 kwenye nyuzi 120 chini ya gesi, ndipo ombwe likaanza. Usifungue ombwe kwa pupa. Mwanzoni gliseroli ambayo haijafungwa bado ni nyingi, nayo hutoroka na mvuke, na kila gramu inayotoroka inabadilisha ule uwiano wa 1.5 uliokokotoa. Shusha shinikizo pole pole, huku ukiangalia chombo cha kukusanyia: unataka matone ya maji. Asidi yote ikimenyuka, maji yanayotoka ni gramu 36 kwa kila 294, karibu asilimia 12 ya uzito. Pima kilichokusanywa, ni ukaguzi wa bure.

Kila baada ya saa chache chukua sampuli ya kama nusu gramu. Iyeyushe kwenye ethanoli, tia matone mawili ya fenolftalini, kisha dondosha KOH ya moli 0.1 kwa lita iliyotengenezwa kwa ethanoli, mpaka rangi ya waridi ikae nusu dakika. Fanya haraka, kwa sababu KOH ikikaa itaanza kukata esta zenyewe na namba itapanda bila sababu. Fanya pia jaribio tupu, ethanoli bila sampuli. Toa kiasi cha jaribio tupu, zidisha mililita zilizobaki kwa 0.1, kisha kwa 56.1, gawanya kwa gramu za sampuli. Kwa nusu gramu yenye namba ya asidi 100, utatumia kama mililita 8.9.

Ukishika namba uliyoilenga, zima moto. Prepolima nzuri ni nta laini yenye weupe wa maziwa ikipoa, inayoyeyuka yote kwenye ethanoli. Ikiacha vipande kama jeli, umechelewa.

Hatua ya 6: Mimina na ugandishe

Pasha prepolima mpaka itiririke, imimine kwenye kalibu ya Teflon, au ya kioo kilichopakwa tabaka la sukari ambalo baadaye litayeyuka kwenye maji na kuachia kiraka. Ingiza kwenye oveni ya ombwe, nyuzi 120, saa 48. Huo ndio utaratibu wa asili, na uliwapa mpira wa megapaskali 0.28 unaonyooka hadi zaidi ya mara tatu ya urefu wake kabla ya kukatika. Sisi tunalenga 0.2, kwa hiyo anza na muda mfupi kidogo na upime.

Adui hapa ni viputo. Maji bado yanazaliwa ndani huku uso ukianza kuganda. Kiraka cha chini ya milimita moja hupona. Kipande kinene hujaa matundu. Ukihitaji unene, mimina tabaka juu ya tabaka, au anza oveni kwa shinikizo la kawaida na ushushe kwa saa kadhaa.

Kama nyenzo inatakiwa iingizwe kwa sindano na igande ndani ya mwili, moto wa nyuzi 120 haufai. Njia ni kuweka makundi ya akriliti kwenye prepolima na kuigandisha kwa mwanga. PGS ya namna hiyo ilionyeshwa mwaka 2007, ikifika kati ya megapaskali 0.05 na 1.38 kulingana na wingi wa akriliti, na gundi ya kuziba mishipa ya damu iliyotoka kwenye familia hiyo ilipata alama ya CE, yaani ruhusa ya kuuzwa Ulaya, mwaka 2017. Lakini fahamu kwamba uti wa akriliti ni kaboni kwa kaboni, maji hayaukati. Esta zikiisha, uti huo unabaki, na ni juu yako kuhakikisha ni mfupi wa kutosha kupita kwenye figo.

Hatua ya 7: Pima mtandao wenyewe

Kata kipande, kikaushe, kipime. Kiloweke kwenye ethanoli siku nzima, badilisha ethanoli mara kadhaa, kisha kipime kikiwa kimefura, kikaushe kwa ombwe na ukipime tena. Uzito uliopotea ni minyororo ambayo haikufungwa popote. Hiyo ndiyo itakayovuja ndani ya mgonjwa siku za mwanzo, ikishusha pH na kuua seli zilizo jirani, kwa hiyo kiraka chochote cha kupelekwa kwenye seli kioshwe hivyo kwanza. Kufura sana kunamaanisha vifundo vichache.

Ukivuta kipande kwenye mashine, kivute kikiwa kimelowa na kwenye nyuzi 37. Hili silo la hiari. PGS ina fuwele zinazoyeyuka karibu na nyuzi 37, hivyo kipande kikavu kwenye chumba chenye kiyoyozi ni kigumu kuliko kile kile kifuani. Tena kivute kidogo, mara nyingi mfululizo, kwa sababu moyo haukatishi kiraka kwa mvuto mmoja, unakichosha.

Hatua ya 8: Jaribu kuvunjika, na usiiamini chupa

Weka vipande vilivyopimwa kwenye maji ya chumvi ya fosfati, pH 7.4, nyuzi 37, kimiminika kiwe angalau mara 30 ya sampuli, na pH isiachwe kushuka. Toa vipande vitatu kila wiki: kausha na pima uzito, na vingine vivute. Chora mistari miwili kwenye grafu moja, nguvu na uzito, uilaze juu ya ratiba ulizoandika kwenye hatua ya kwanza.

Kisha kumbuka namba hii. Ile PGS ya 2002 ilipoteza takriban asilimia 17 tu ya uzito ndani ya siku 60 kwenye kimiminika hicho, wakati ndani ya panya iliisha yote kwa muda huo huo. Vimeng'enya na seli hufanya kazi ambayo maji ya chumvi hayawezi. Ongeza majaribio yenye vimeng'enya vinavyokata esta, ujue hata hayo ni ya kupanga nyenzo kwa mpangilio, ipi itatangulia ipi. Majaribio ya kuvunja nyenzo kwa soda kali nayo ni ya kupanga tu. Muda halisi hupatikana kwenye mnyama, kwa kibali cha kamati ya maadili.

Ratiba ikikataa kulingana, usikimbilie kurefusha oveni. Vifundo vingi hupunguza kasi ya kuvunjika lakini pia hukaza nyenzo, na umekwisha kuahidi kilopaskali 200. Gusa kwanza unene. Halafu urefu wa asidi: yenye kaboni nyingi zaidi huchukia maji na hudumu. Mwisho kabisa ndipo ubadilishe uwiano wa malighafi, na ukibadilisha rudi hatua ya nne, maana mahali pa kuganda pamehama.

Hatua ya 9: Seli, utakasaji na karatasi

Jaribio la kwanza la seli hufuata sehemu ya 5 ya kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba, ISO 10993: uhai wa seli ukishuka kwa zaidi ya asilimia 30, nyenzo inahesabiwa kuwa na sumu. Ukianguka, mara nyingi kosa ni asidi iliyobaki. Rudia kuosha kabla ya kulaumu kemia. Sehemu ya 13 ya kiwango hicho inahusu mabaki ya polima, nayo utaijibu kwa urahisi ukiwa umefanya hatua ya tatu kwa uaminifu.

Namna ya kuua vijidudu iamuliwe mapema. Mvuke wa autoklevu ni maji ya moto juu ya esta. Mionzi ya gama hukata baadhi ya nyuzi na kufunga nyingine. Gesi ya ethilini oksidi haigusi sana mtandao, ila lazima ipewe muda wa kutoka. Chochote utakachochagua, rudia hatua ya saba yote baada ya utakasaji, kwa sababu kiraka kitakachoshonwa ni hicho kilichotakaswa.

Tunza vipande kwenye mifuko iliyofungwa, pamoja na vikausha unyevu, mahali pa baridi. Unyevu wa hewa huanza kazi ya kukata esta kabla hujafika hospitali. Kwenye kila mfuko andika namba ya toleo la gliseroli na la asidi, namba ya asidi uliyosimamia, saa na jotoridi halisi la oveni, na siku ya utakasaji. Ukija kuomba kibali cha mamlaka ya dawa na vifaa tiba (TMDA) Tanzania au cha Bodi ya Dawa na Sumu Kenya, hayo ndiyo watakayoanza kukuuliza.